Akisema haamini tena, usianze na Biblia

Mtu anayepoa kiimani huonekana kwenye jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani, mapema kuliko kanisani. Jumapili anaweza kukaa benchi la nyuma katikati ya watu 400, akaimba au asiimbe, hakuna ajuaye. Siku ya jumuiya, sebuleni kwa mtu kule Ilomba au Uyole, jijini Mbeya, mpo 12, mmebanana kwenye makochi na viti vya plastiki vya kuazima, na mmoja akikosekana pengo lake linakaa hapo hapo mbele ya macho ya wote. Akikosa wiki mbili, watu wanasema ana wageni. Ya tatu, ana shughuli. Ya tano, mama mmoja anainamia sikio la mwenzake: "Yule imani imepoa."

Kuanzia hapo mambo huharibika, maana neno hilo likishatoka, jumuiya nzima inaanza kutibu ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Miaka ya kuzungukia nyumba za watu imetufundisha sisi tunaoshika jumuiya hizi, Walutheri kwa Wamoraviani, kwamba wengi wanaofikia kusema "siamini tena" hawakuanza kwa kumkana Mungu. Walianza kwa kushindwa kututazama sisi usoni. Shaka ilikuja nyuma, mara nyingi kama kanga ya kujifunikia aibu. Ndiyo maana Biblia ibaki kwenye mkoba kwanza. Jibu limo humo, ila swali bado hujalisikia.

Kabla hujatoka nyumbani kumtembelea, jiulize jambo la aibu kidogo: huyu anadaiwa nini na kanisa?

Tazama mwezi. Huku Nyanda za Juu Kusini mahindi hupandwa Novemba na Desemba mvua zikishashika, na kuvuna ni kuanzia Juni. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo kikombe kinasikika kikikwangua chini ya pipa la unga, na ndiyo miezi hiyo hiyo ya sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana shuleni. Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa mwaka 2016, lakini sweta la shule halikuondolewa, na kwa baridi ya huku hakuna mtoto wa kumpeleka bila sweta. Sasa, Januari hiyo hiyo kanisa nalo hugawa bahasha mpya na kadi za ahadi. Mtu aliyeahidi 200,000 ya jengo wakati ana kibarua cha kupakia viazi anafika Februari ametoa 35,000. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyemkaripia. Lakini kadi ile ipo.

Itazame vizuri kadi yenyewe. Karatasi ngumu iliyokunjwa mara moja, namba juu pembeni, miezi 12 imepangwa chini kwa chini, na mbele ya kila mwezi nafasi ya kiasi na saini ya mtunza hazina. Nafasi zilizojazwa hazionekani sana. Zilizo wazi ndizo zinazotazama. Mahali pengine bado majina husomwa: fulani ametimiza, fulani amebakiza kiasi fulani. Mtu huyo amesikia mahubiri ya Waefeso 2:8, kwamba mmeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, na baada ya dakika 20 anasikia jina lake na tarakimu. Neema ameisikia kwa wingi, "ninyi". Deni amelisikia kwa umoja, tena kwa ubini wake. Unadhani lipi litamlaza macho usiku?

Dawa yake si kuacha kuchangisha. Bati halipandi lenyewe. Dawa ni kubadilisha namna. Soma jumla ya jumuiya, usisome majina. Mtunza hazina awe mtu mmoja asiye na mdomo, na akumbushe mtu ana kwa ana, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha jumuiya ambako hata shemeji yake yumo. Na jambo ambalo wazee wengi hulikataa mpaka wakilijaribu: tangazeni mbele ya wote, siku ile ile ya kugawa kadi, kwamba ahadi inaweza kupunguzwa, na kwamba anayetaka kupunguza atamwona mtunza hazina tu, hataitwa kikaoni. Hofu ni kwamba wote watapunguza. Tulichoona ni kinyume. Wachache hupunguza, wanamaliza kilichobaki, na wanaendelea kuja. Asiyeruhusiwa kupunguza huwa hapunguzi. Huhama.

Mahali pengine husema basi asiye na fedha aje afyatue tofali. Ni vizuri, mradi tu isigeuke kuwa hukumu ya kazi za nje. Na kama mnataka kuona sadaka isiyomwacha mtu na deni, simameni kwenye mnada baada ya ibada. Mama kaleta mayai manne kwenye bakuli, kayafunika kwa kitambaa. Yai moja linanadiwa, mtu analinunua, analirudisha mezani, linanadiwa tena, na mara ya tatu tena, na mwishowe anapewa bibi aliyekuja kwa mguu kutoka bondeni. Hapo hakuna anayeshika hesabu ya nani alileta nini. Watu wanacheka tu.

Upo mlango mwingine wa aibu, huu mzito kuliko kadi. Binti kapata mimba kabla ya ndoa, akatengwa na Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, kwa taratibu za kanisa, akahamia benchi la mwisho, na baada ya miezi akasimama mbele ya kusanyiko kurudi kundini. Lengo la utaratibu huo ni kumponya, na upo wakati humponya kweli. Lakini mara nyingi anasimama peke yake, na kijana aliyempa mimba yuko kwaya, sauti ya tatu, anaimba. Binti huyo akikwambia miaka miwili baadaye kwamba haoni kama Mungu yupo, usimpe hoja za kuumbwa kwa dunia. Haongelei mbingu. Anaongelea benchi. Kwa wazee wanaotaka kurekebisha hili, hatua ya kwanza ni ngumu na nyepesi kwa pamoja: hakuna kumsimamisha mmoja bila kumtafuta wa pili, na toba isikilizwe ofisini kwa mchungaji, kanisani itangazwe tu kwamba wamepokelewa.

Sasa kutembelea kwenyewe. Nendeni wawili. Mmoja peke yake huleta maneno, hasa kama mwenyeji ni wa jinsia nyingine. Watano ni baraza la usuluhishi, na mtu yeyote akiona watu watano wenye Biblia wanavuka mfereji kuja kwake atatokea mlango wa jikoni. Kati ya wawili hao, mmoja awe mtu ambaye mwenyeji alikuwa akicheka naye zamani, hata kama si kiongozi. Siku nzuri ni Jumamosi alasiri, akisharudi sokoni. Jumapili jioni si nzuri, maana inaonekana mmetoka kuhesabu mahudhurio. Usibebe daftari la jumuiya. Beba ndizi, au kilo ya sukari, kama unavyokwenda kwa ndugu.

Salimia salamu nzima. Kwa Mnyakyusa "ugonile" haiishi kwenye neno moja, na kwa Mhehe au Mbena "kamwene" ina mkia wake wa kuulizana watoto, mvua na mifugo. Ukiikatisha salamu ili ufike kwenye jambo lako, umeshasema kwamba hukuja kwa ajili yake. Chai ikiletwa, inywe, hata kama ni ya rangi na haina sukari. Kisha sema neno moja: "Tumekukosa." Halafu nyamaza. "Tumekukosa" na "kwa nini huji" hutoka kinywa kimoja lakini haziendi sehemu moja. La kwanza humpa nafasi, la pili humtaka ajitetee, na mtu akishajitetea kwa sauti ataishi ndani ya utetezi wake hata kama hauamini.

Nyamaza kwa kweli, dakika mbili tatu, msikilize kuni zinavyolia. Wale rafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba mchana na usiku, walikaa naye chini bila kusema neno. Walikosea siku walipofungua mdomo.

Sala ya kuagia ndipo wengi hubomoa walichojenga. Kuna sala ambayo ni mahubiri yaliyofumba macho: "Bwana, mguse mtoto wako aone hatari ya kuiacha njia yako." Mwenyeji yumo humo, kainamisha kichwa, hawezi kujibu. Amesemwa na hana pa kutokea. Muulize kwanza: "Tukuombee nini?" Akisema mtoto anakohoa, ombea kikohozi. Akisema hana la kuombewa, shukuru kwa chai na ukae kimya. Sentensi tatu zinatosha. Na mkirudi kwenye jumuiya, msilete "tumwombee dada yetu, anapita kwenye bonde la mashaka". Hayo ni masengenyo yaliyovaa kanzu, na yatamfikia kabla hamjasema amina.

Baada ya mara mbili au tatu, utaanza kujua ni shaka ya namna gani. Aibu tumeisema. Namna ya pili ni kidonda: aliomba, na hakupewa.

Huku kwetu kidonda hiki kina sura yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza Tanzania kwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima: asilimia 11.4, 11.3 na 9.3. Maana yake ni kwamba katika jumuiya nyingi kuna anayekunywa dawa, na wengi wa wenye dawa wameshaambiwa na mtu kwamba wameponywa. Mlolongo huwa hivi. Anaenda kwenye maombi, anapakwa mafuta au anauziwa maji, anajisikia mwepesi, anashuhudia. Akishashuhudia, kuendelea kumeza dawa kunaonekana kama kuukana ushuhuda wake mwenyewe, kwa hiyo anaacha. Kwa wiki kadhaa haoni tofauti, kwa sababu virusi vilikuwa vimelala kwa nguvu ya zile dawa alizokwisha kunywa. Kisha vinarudi kuongezeka, mwili unaanguka, na vingine vinaweza kurudi vikiwa sugu kwa dawa ile ya kwanza. Anapimwa, bado anavyo. Sasa ana misiba miwili: afya, na imani. Amebaki na njia mbili tu za kulieleza jambo hilo, ama Mungu hayupo, ama yeye imani yake haikutosha. Zote mbili amefundishwa na yule yule aliyemuuzia mafuta.

Ukimkuta hapo, usimcheke kwamba aliibiwa. Analijua. Kwanza ni kliniki, siku hiyo hiyo kama inawezekana, na mmoja wenu ampeleke mpaka kwenye benchi la kusubiri, maana aibu ya kumwambia mhudumu "niliacha" ndiyo inayomfanya ageukie getini. Aseme ukweli aliacha lini, ili wajue kama dawa ibadilishwe. Mengine yasubiri. Mungu aliyemtuma malaika kwa Eliya chini ya mretemu hakumwanzishia mafundisho. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha akala tena. Maneno yalikuja mlimani, siku 40 baadaye.

Kwa mwenye kidonda, zaburi zinazofaa ni zile ambazo hatuzisomi harusini. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inaanza kwa kumuuliza Mungu atasahau hata lini. Ya 88 inakwenda mpaka mwisho bila kugeukia shangwe, neno lake la mwisho ni giza. Watu hushtuka ukiwasomea. "Hii nayo imo kwenye Biblia?" Imo. Kanisa limeihifadhi kati ya nyimbo zake kwa karne zote hizo, na aliyeimba vile hakufutwa kwenye orodha ya kwaya.

Namna ya tatu ni swali la kichwani, na hili ndilo tunaloliogopa sana ingawa kwa hesabu ni la wachache. Linakuja na vijana wa vyuo, Mbeya na Iringa, na linakuja na simu. Mwanafunzi anakaa usiku na bando lake, anakutana na watu wanaobishana kwa ufundi kuliko mwinjilisti wake, na Jumapili anauliza: dini hii si ya wakoloni?

Majibu mabaya ni mawili. La kwanza ni "usimhoji Mungu". La pili ni kudanganya kwamba wamisionari hawakuhusika na lolote. Mwambie ilivyokuwa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na Walutheri wa Berlin wakaingia Konde, nchi ya Wanyakyusa, mwaka huo huo, na 1891 ndio mwaka serikali ya Ujerumani ilipoichukua nchi hii mikononi mwake kutoka kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miaka saba baadaye Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikufa akiwindwa na jeshi la serikali hiyo. Kijana wa Kalenga, alikotawala Mkwawa, ana haki ya kukunja uso. Ukishakiri hayo bila kuzungukazunguka, ndipo atakusikia ukimwambia na lile jingine: kwamba Aksum, Ethiopia, ilikuwa na mfalme Mkristo karne ya 4, na Augustino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, wakati mababu wa hao Wajerumani wengi wao walikuwa bado hawajabatizwa. Injili ilipita Afrika kabla ya kupita Berlin.

Lakini usidhani ukishinda hoja umempata mtu. Tunashauri swali moja kwa kikao kimoja, si zaidi. Liandike kwenye daftari mbele yake, kwa maneno yake yeye. Kama hujui, sema "sijui, nitauliza, nitarudi Jumamosi." Na Jumamosi urudi, hata kama mvua ya Tukuyu imekatalia. Kijana akiona mtu mzima amerudi na swali lake likiwa limeandikwa, nusu ya kazi imeisha, hata kama jibu lenyewe ni dhaifu. Kinachoua ni kuahidi na kutorudi. Anahitimisha kwamba jibu halipo, na kwamba mlijua halipo.

Kuna mtego mdogo hapa wa sisi tuliolelewa na uamsho. Ule moto wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulitupa baraka nyingi, na ulitupa pia swali la "umeokoka lini?", tarehe na saa ikiwezekana. Aliyezaliwa kanisani, akabatizwa mchanga, akapata kipaimara, hana tarehe. Akiulizwa mara nyingi ataamua moja kati ya mawili, ajitungie tarehe au aamini kwamba hajawahi kuwa Mkristo. Nimeona yote mawili, na la kwanza huzaa la pili baada ya muda. Mwambie tu kwamba wapo waliozaliwa usiku wakiwa wamelala, na wako hai.

Wamoraviani wana fungu la kila siku, ule utaratibu wa Herrnhut, mji wa Wamoraviani kule Ujerumani, unaochapishwa kila mwaka tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale hutolewa kwa kura, kisha wa Agano Jipya huchaguliwa kuendana nao. Ni mkongojo mzuri kwa mtu aliyechoka, maana hatakiwi kujichagulia. Lakini mwenye mashaka huelekea kuufanya ramli. Mstari ukisema "nitakuponya" na jioni akazidiwa, anasema Mungu kamdanganya. Mfundishe kufungua Biblia na kuisoma sura nzima mstari ulikotoka, aone unasemwa na nani kwa nani. Ikichukua dakika kumi, inatosha. Na ujumbe wa "tuma kwa watu saba upokee muujiza kabla ya saa sita" aufute bila kuogopa chochote.

Namna ya nne si shaka kabisa, na ukiichanganya na shaka unaweza kumpoteza mtu. Mtu halali, au analala mno. Hali chakula, au anakula bila kujua anachokula. Alikuwa na bustani ya karoti, sasa magugu yamefika kiunoni. Anasema hasikii kitu akiomba, na ukimuuliza vizuri, hasikii kitu hata akimbeba mwanawe. Hali hiyo ikiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibiwa hospitali. Kumwambia aongeze maombi ni kama kumwambia aliyevunjika mguu aongeze hatua. Akitaja kwamba afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake usiku huo, dawa za shambani zitolewe ndani ya nyumba (huku kila mwenye viazi na nyanya anazo), na asubuhi mumpeleke. Wafundisheni wazee wenu hili kabla halijawafika.

Mwenyewe mwenye mashaka, kama unasoma hapa, yako mambo machache ambayo tumeona yanabebeka. Usiache kuja kwa sababu huwezi kukiri. Kanuni ya imani inasema "namwamini", kwa umoja, lakini tunaisema kwa pamoja, na siku sauti yako imekauka nyamaza tu, wa kulia na wa kushoto wako wanaisema. Zaburi moja kwa siku, kwa sauti, hata ya kunong'ona, dakika tano. Sala fupi ya yule baba wa Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," ambayo mwana wake aliponywa kwayo kabla baba hajamaliza kulitatua hilo la kutokuamini. Chagua mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote, si watatu. Usifanye uamuzi wowote wa kudumu, wa kuhama kanisa au kuvunja ndoa au kuchoma Biblia, mwezi wa msiba au wiki ya mitihani. Na kama uliongoza kwaya au shule ya Jumapili, omba kupumzika miezi mitatu na uiite hivyo, kupumzika. Usijiuzulu kwa barua ndefu. Barua ndefu ni ngumu kurudi nyuma yake.

Na Meza ya Bwana? Hapa wazee hutofautiana, nami nitasema upande wangu. Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 inasema anayestahili ni yule anayeyaamini maneno haya, "kwa ajili yenu". Watu husikia hapo neno "anayeamini" na kurudi nyuma. Nadhani wasikie "kwa ajili yenu". Luka anasimulia kwamba usiku ule aliyekuwa tayari kumsaliti alikuwa mezani, na aliyekuwa njiani kumkana alikuwa mezani. Mtu anayetamani kuamini na hawezi hana sababu ya kubaki kwenye benchi. Aongee na mchungaji wake kwanza, ndiyo, lakini aende kuomba, asiende kuhojiwa. Karatasi iliyokutwa baada ya Luther kufa, Februari 1546, inasema sisi ni ombaomba, ndiyo kweli. Aliyekuwa na jibu kwa kila mtu aliishia kwenye neno hilo.

Muda wa yote haya hauwezi kupangwa. Tembeleeni kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, ziara fupi, nusu saa. Baada ya hapo kila mwezi, na katikati ujumbe mfupi wa kawaida kabisa: mbegu za viazi zimefika, njoo uchukue. Usimtumie mistari kumi ya Biblia kwa siku. Wengine hurudi baada ya mavuno mawili, wengine huhamia kanisa jingine na wakakaa vizuri huko, na hilo nalo mlishukuru. Wapo wasiorudi. Endeleeni kuwazika wazazi wao na kuwapokea kwenye harusi. Tomaso alikataa kuamini mbele ya wenzake wote kumi, na Yohana anasema siku nane baadaye alikuwa bado chumbani pamoja nao. Watu husifu macho na vidole vyake. Mimi huwafikiria wale kumi, waliokaa wiki nzima na mtu aliyewaambia kwamba yeye haamini, na wakamwachia nafasi mezani.

Akirudi, atarudi amechelewa, nyimbo ya kwanza ikiwa imekwisha, ili asisalimiwe na wote. Kiti chake kiwe karibu na mlango, na jiko la mkaa lisogezwe upande huo kama ni Julai. Msimpigie makofi. Msimwombe ashuhudie. Anayeongoza aendelee na somo pale pale alipofika, na mtu wa jirani amwonyeshe ukurasa kwa kidole. Daftari la mahudhurio, siku hiyo, liandikwe watu wakishaondoka.